Njia ya Kutoka Mpanda Hadi Chumba cha Mionzi

Mji wa Mpanda ulizaliwa na madini ya risasi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipojenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 katikati ya pori la miombo, ilikuwa inaufuata mgodi wa Mukwamba, uliochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Reli ilifika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, lakini reli ilibaki na mji ukaendelea kukua. Risasi ndiyo metali ambayo kila anayesomea tiba ya mionzi hukutana nayo mapema darasani, kwa kuwa ni nzito na hunyonya miale inayopenya mwili wa binadamu. Hutiwa ndani ya milango ya vyumba vya matibabu, na hukatwa vipande vya kukinga viungo vya mgonjwa ambavyo havipaswi kupigwa mionzi. Mpanda iliitoa ardhini na kuisafirisha. Huduma yenyewe ya mionzi haijawahi kukaribia.

Mtu wa Katavi, mkoa wenye mji huu wa Mpanda, aliyeandikiwa tiba ya mionzi ana njia mbili kubwa. Anaweza kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Anaweza pia kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, karibu kilomita 700 kwa kupitia Tabora na Shinyanga. Rufaa za Katavi kwa kawaida huelekea Mbeya, kwenye hospitali ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini, na huko mgonjwa wa mionzi amekuwa akipewa barua nyingine ya kumsukuma mbele hadi Dar es Salaam. Kila kituo kina foleni yake, na kila foleni ina gharama ya gesti na chakula. Sera ya nchi inasema matibabu ya saratani katika hospitali za umma ni bure. Sera hiyo hailipi nauli ya treni, wala haimlipi ndugu anayeacha shamba la tumbaku wiki saba ili amsindikize mama yake.

Wengi wakitazama hali hiyo hudai mashine ifungwe Mpanda. Mimi siungi mkono dai hilo kwa sasa. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea jenereta za mafuta, nje ya Gridi ya Taifa, na mashine za kisasa za tiba ya mionzi zinahitaji umeme usioyumba na mfumo wa kupoza usiosimama. Zinahitaji chumba chenye kuta za zege zenye unene unaozidi mita moja. Zinahitaji daktari bingwa wa saratani, mwanafizikia tiba wa kuzipima, na fundi anayeweza kufika siku hiyo hiyo zinapoharibika. Jambo ninalolidai ni jingine, na linaweza kuanza mwaka huu: vijana wa Katavi wapelekwe kusomea kazi hii, na mkoa uwaandalie mahali pa kurudi. Mashine huweza kununuliwa kwa mkopo au msaada na ikafungwa ndani ya miezi michache baada ya chumba kukamilika. Mtaalamu wa kuiendesha huchukua karibu miaka minane kupatikana, ukianza kuhesabu pale anapochagua masomo yake ya kidato cha tatu.

Tuanze na wagonjwa, maana wao ndio sababu ya yote. Sensa ya 2012, mwaka ule ule Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, kwa uzazi na kwa wahamiaji wanaofuata ardhi, malisho na dhahabu. Saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini ni ya mlango wa kizazi. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hiyo kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Chanzo chake ni virusi vya HPV. Hatari huongezeka kwa msichana aliyeanza kujamiiana mapema na kwa mwanamke aliyezaa mara nyingi, na kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI hatari hiyo inakadiriwa kuwa mara sita ya asiye navyo.

Sasa liweke hilo kando ya takwimu moja ya Katavi. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 34, mkoa ukiwa bado miongoni mwa ile ya juu kabisa. Takwimu hiyo husomwa kama habari ya elimu au ya maadili. Ni habari ya saratani pia. Msichana aliyezaa akiwa na miaka 16 mwaka 2015 atakuwa na miaka 40 mwaka 2039, na umri huo ndio ambao ugonjwa huu hujitokeza sana. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Itaokoa wengi. Haiwarudii waliokwisha kupita umri huo, na kwa miaka 20 ijayo hao ndio watakaoketi kwenye mabenchi ya Ocean Road na Bugando.

Msichana huyo huyo aliyeacha shule ndiye pia ambaye hayumo katika darasa la fizikia. Katavi inapoteza kwa mkupuo mmoja mtu ambaye angeweza kutibu, na inaongeza mtu anayeweza kuhitaji kutibiwa.

Kazi yenyewe haijulikani sana, hata kwa watumishi wa afya. Daktari bingwa wa saratani huamua kama mgonjwa apewe mionzi, wapi na kiasi gani. Mwanafizikia tiba hupima mashine na kukokotoa mpango. Mtaalamu wa tiba ya mionzi ndiye anayekaa na mgonjwa kila siku ya matibabu, na ndiye anayebonyeza kitufe. Asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza hukagua mashine: je, taa za leza zinazokutana katikati ya chumba ziko mahali pake, je, mlango ukifunguliwa mionzi inakatika yenyewe, je, kipimo cha leo kinalingana na cha jana. Halafu humwita mgonjwa kwa jina na kuhakikisha kwa picha na namba, kwa sababu akina Mariamu wawili wanaweza kukaa benchi moja, mmoja ana saratani ya titi na mwingine ya koo. Humlaza kama alivyolazwa siku ya upimaji, akizilinganisha alama zilizochorwa kwenye ngozi na mistari ya leza. Tofauti ya milimita chache kwa mgonjwa wa kichwa na shingo inaweza kuifikisha mionzi kwenye uti wa mgongo, na ndiyo sababu mgonjwa wa aina hiyo hutengenezewa barakoa ya plastiki inayoushikilia uso wake usisogee. Mwanamke anayetibiwa mlango wa kizazi huambiwa aje na kibofu kilichojaa, ili utumbo usukumwe juu na madhara yake yapungue.

Kisha mtaalamu hutoka, mlango unafungwa, na mgonjwa anabaki peke yake kwa dakika chache akitazamwa kwenye kamera. Hasikii joto wala maumivu. Hilo peke yake linahitaji mtu wa kulieleza, kwa maana wagonjwa wengi hufika wakiwa wameambiwa nyumbani kwamba wanakwenda kuchomwa, na wengine hawafiki kabisa kwa hofu hiyo.

Mgonjwa wa mlango wa kizazi kwa kawaida hupokea dozi ya mionzi ya grei 45 hadi 50, ikigawanywa katika vikao kama 25, siku tano kwa wiki kwa wiki tano, pamoja na dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki kwa anayeimudu. Baada ya hapo huja mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa hadi kwenye uvimbe wenyewe. Kazi yote inapaswa kumalizika ndani ya wiki nane. Tafiti zimeonyesha kuwa ikivuka hapo, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hupungua kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja kwa kila siku inayozidi. Mama aliyerudi nyumbani Inyonga wiki moja kuzika, au aliyeishiwa pesa ya gesti akaondoka Ijumaa na kurejea baada ya siku kumi, amepoteza kitu ambacho hakuna daktari anayeweza kumrudishia kikamilifu. Mtaalamu wa tiba ya mionzi ndiye wa kwanza kuona jina halikuitikiwa.

Wanaodhani kazi hii ni kubonyeza kitufe, na kwamba kozi ya miezi sita ingetosha, wasome yaliyotokea San José, Costa Rica, mwaka 1996. Hospitali moja ya huko ilibadilisha chanzo cha kobalti kinachotoa mionzi kwenye mashine yake. Wakati wa kukipima chanzo kipya, muda wa dakika 0.3, ambao ni sekunde 18, ulichukuliwa kuwa sekunde 30. Kosa la desimali ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angekatwa alama moja kwalo liliifanya mashine ionekane dhaifu kuliko ilivyokuwa, na wagonjwa wakapewa mionzi iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Wagonjwa 115 waliathirika, baadhi walikufa na wengine walipooza. Kosa liliendelea kwa wiki kadhaa. Aliyefunzwa vizuri huona ngozi imekuwa nyekundu mapema kuliko kawaida, au kuharisha kumeanza wiki ya kwanza badala ya ya tatu, akasimamisha kazi na kuuliza. Mafunzo marefu yapo kwa ajili ya siku hiyo moja.

Njia ya kuingia huanzia mbali. Kwa shahada zinazotolewa nchini, mwombaji wa moja kwa moja anatakiwa awe amefaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita, yaani tahasusi ya PCB. Ili asome PCB lazima awe alisoma na kufaulu fizikia kidato cha nne. Kwa utaratibu ambao shule zetu zimeuzoea, mwanafunzi anaweza kuiacha fizikia akiingia kidato cha tatu, na wengi huiacha, wasichana zaidi. Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 15 au 16, mara nyingi kwa sababu mwalimu wa fizikia alihamishwa na hajaletwa mwingine, au kwa sababu maabara haina vifaa na majaribio yote yalichorwa ubaoni. Hakuna anayemwambia kuwa siku hiyo amefunga mlango wa radiografia na tiba ya mionzi kwa pamoja, pamoja na ule wa udaktari. Naamini kama ofisa elimu na mganga mkuu wa mkoa wangekaa meza moja na kuitazama orodha ya waliobaki na fizikia kidato cha tatu katika shule za Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, wangekuwa wameshaiona idadi ya juu kabisa ya wataalamu wa mionzi ambao Katavi inaweza kuwapata kwa miaka minane ijayo.

Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi kwenye mfumo rasmi. Kwa Katavi uamuzi ule ulikuwa na uzito zaidi kuliko karibu mkoa mwingine wowote. Kurudi darasani, hata hivyo, hakutoshi kama msichana aliyerudi anaelekezwa moja kwa moja kwenye masomo yanayodhaniwa kuwa mepesi kwa mama mwenye mtoto. Aulizwe kwanza anataka nini, na kama ana kichwa cha hesabu apewe nafasi ya kufidia alichokikosa.

Aliyevuka hapo ana vyuo viwili vya kuvitazama zaidi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya teknolojia ya tiba ya mionzi, ambayo mafunzo yake ya vitendo hufanyika Ocean Road. Mwanza, chuo kikuu kilichopo Bugando, CUHAS, kina shahada inayounganisha picha za uchunguzi na tiba ya mionzi. Masomo yake hayamshangazi aliyeipenda PCB: anatomia, fizikia ya mionzi, baiolojia ya seli zinavyokufa na zinavyojikarabati baada ya kupigwa mionzi, saratani moja moja na tabia zake, upangaji wa dozi, usalama, mawasiliano na mgonjwa. Nusu nyingine ya elimu iko wodini na kwenye chumba cha mashine. Baada ya shahada huja mwaka wa mafunzo tarajali, halafu usajili katika baraza la wataalamu wa radiolojia lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2007.

Kwa kijana wa Karema au Mishamo, Ocean Road ni mahali pa kufundishia pa namna ya pekee. Jengo la zamani linaloelekea baharini lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Wilhelm Röntgen kuigundua miale ya eksirei mwaka 1895. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilikuwa peke yake nchini, na kila aliyehitaji mionzi kutoka Bukoba hadi Mtwara alifika hapo. Mwaka 2018 ilianza kutumia mashine za LINAC, zinazotengeneza miale kwa umeme bila chanzo cha kobalti ndani yake. Mwanafunzi anayesoma hapo huona ndani ya muhula mmoja aina za saratani ambazo mwenzake wa nchi tajiri angezisoma kwenye kitabu. Huziona pia zikiwa zimechelewa. Wengi wa wagonjwa hufika katika hatua ya tatu au ya nne, na kazi inayobaki mara nyingi ni kupunguza maumivu na kuzuia damu. Anayechagua kazi hii ajue hivyo kabla, kwa kuwa atawazoea watu kwa wiki saba na baadhi yao hatawaona tena. Vyuo vinapaswa kulizungumza jambo hilo darasani kwa uzito ule ule vinaoipa fizikia.

Kuna hofu ambayo wazazi wa Mpanda wataitoa mapema kuliko swali la ada: binti akifanya kazi kwenye mionzi hatazaa. Hofu hiyo inastahili jibu la namba. Mtaalamu haingii chumbani mionzi inapotoka, na kuta zile nene zimejengwa kwa ajili yake yeye na wapita njia. Huvaa kipimo kidogo kifuani kinachohesabu mionzi aliyoipata, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, hufuatilia vipimo hivyo. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka mitano, na mtaalamu anayefuata taratibu hupata sehemu ndogo sana ya kikomo hicho. Mfanyakazi akipata ujauzito anatakiwa atoe taarifa, na kuanzia hapo mtoto tumboni hulindwa kwa kikomo cha mtu wa kawaida, milisiveti 1. Wanawake wengi duniani wameifanya kazi hii maisha yao yote na wamelea watoto wao.

Hesabu ya muda ina upande mwingine ambao wapangaji wa huduma hawautaji mara nyingi. Kobalti-60, inayotumika kwenye mashine za aina ya zamani na ambayo ndiyo iliyofungua huduma ya mionzi Bugando, hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5.27. Hupungua karibu asilimia 1 kwa mwezi, na kadiri inavyopungua mgonjwa hulala mezani muda mrefu zaidi kupata dozi ile ile. Kikao kilichochukua dakika mbili chanzo kikiwa kipya huchukua dakika nne baada ya miaka mitano, foleni inarefuka hadi usiku na wataalamu wanachoka. Chanzo kikifungwa leo, siku ambayo msichana wa Nsimbo anaamua kutoiacha fizikia, kitakuwa kimebakiwa na karibu theluthi moja ya nguvu yake siku atakapoanza kazi. Kwa hiyo anayepanga kununua mashine bila kupanga watu anapanga kuwa na chumba kinachofifia kabla hakijapata mwendeshaji.

Uganda ilijifunza upande wa mashine kwa uchungu. Mashine yao pekee ya kobalti, iliyokuwa hospitali ya Mulago tangu mwaka 1995, iliharibika mwaka 2016 kiasi cha kutotengenezeka. Nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi. Wachache walipelekwa Nairobi, walio wengi hawakwenda popote, na mashine mpya ilikuja kufungwa mwishoni mwa 2017 kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Katika muda kama huo wataalamu waliofunzwa wanaweza kutawanyika, na kuwarejesha ni kazi ngumu kuliko kununua chuma. Shirika hilo limekuwa na mpango wake wa Miale ya Matumaini tangu Februari 2022, unaosaidia nchi zenye uhaba wa huduma hii, hasa za Afrika, na mafunzo ni sehemu yake. Hapo ndipo Tanzania inapoweza kuomba nafasi nyingi zaidi za watu kuliko za vyuma.

Tufike sasa kwenye kikwazo ambacho mzazi yeyote makini atakiona. Mtoto wa Katavi akisomea tiba ya mionzi pekee, hakuna kazi yake Katavi. Atapangiwa Dar es Salaam au Mwanza, au kwenye vituo vichache vinavyoongezeka, vikiwemo vya binafsi. Vibali vya ajira vinatoka kwa awamu, na wahitimu wa kada za afya wanaosubiri mtaani si wachache. Kumshawishi mtoto asome miaka yote hiyo kwa jina la mkoa wake, halafu mkoa ukawa hauna kiti cha kumkalisha, ni kumdanganya.

Ndiyo maana kwa mazingira ya Katavi naipa uzito shahada inayounganisha picha na tiba. Aliyeisoma anaweza kuajiriwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, akafanya eksirei na CT-Scan ambazo hospitali za mikoa zimeanza kuwa nazo, huku akiwa na elimu ya tiba ya mionzi kichwani. Wapo watakaosema mtu wa fani mbili hukosa kina katika zote mbili, na kwenye kituo kikubwa chenye mashine tatu na wagonjwa mamia kwa wiki ningewakubalia. Mpanda inahitaji mtu wa aina nyingine kwanza.

Mtu huyo angefanya nini? Angemkalisha mwanamke aliyepewa barua ya rufaa na kumweleza kwamba atahitaji wiki saba, si siku tatu, ili familia iuze mbuzi wawili badala ya mmoja. Angehakikisha majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, kipimo cha damu na picha vinasafiri naye, maana mgonjwa anayefika Ocean Road bila majibu ya patholojia huanza upya na wiki zinaondoka. Angempigia simu katika wiki ya tatu, ile ambayo kuharisha na uchovu huwafanya wengi kutaka kurudi nyumbani. Akirudi, angemfuatilia kwa miaka, kwa sababu madhara ya mionzi hayaishi siku ya kikao cha mwisho: njia ya uzazi inaweza kubana, kibofu kikakakamaa, damu ikatoka kwenye haja kubwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Mhudumu asiyejua hayo hudhani saratani imerudi na kumwandikia mgonjwa safari nyingine ya kilomita 1,200, au hudhani ni amiba na kumpa vidonge. Anayejua anaweza kutofautisha, na pale anapotilia shaka hujua nani wa kumuuliza kwa sababu alisoma naye.

Mtu huyo angeweza pia kuzungumza na wasichana wa kidato cha pili kabla hawajachagua, akiwa amevaa koti lake la kazi na akitaja shule aliyotoka, iwe ni Usevya au Inyonga.

Fedha za kuanzia zipo ndani ya mkoa. Bodi ya Mikopo inaweza kubeba sehemu kubwa ya ada ya mwanafunzi asiye na uwezo. Kinachobaki ni nauli ya kwenda na kurudi, fedha ya kujikimu kipindi cha mafunzo ya vitendo, na mkataba wa kurudi wenye nafasi ya ajira iliyotengwa kwenye ikama ya hospitali. Katavi ina halmashauri tano. Kila moja ikimgharamia mwanafunzi mmoja katika kila miaka miwili, ndani ya miaka kumi kutakuwa na watu 25 wa radiografia na tiba ya mionzi waliofungwa kwa mkataba na mkoa huu, na hata wakipungua kwa sababu zozote watabaki wa kutosha kwa hospitali ya mkoa na vituo vikubwa vya wilaya. Halmashauri hizo hutoza ushuru wa mazao ya biashara kwa kiwango cha asilimia 3, na tumbaku inayouzwa kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika LATCU ni miongoni mwa mazao hayo. Tumbaku ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya mapafu, ya koo na ya kibofu. Baraza la madiwani linaloketi kupitisha bajeti lina mamlaka ya kutenga sehemu ya ushuru huo kwa jina la mwanafunzi mmoja wa fizikia, na kikao hicho hufanyika kila mwaka kabla ya Juni kwisha.